Magamba ya Bara

Mtu wa Tanga au Kilwa akifika Karema kwa mara ya kwanza, kinachomshangaza si ukubwa wa ziwa. Ukubwa ataukubali upesi: upepo upo, mawimbi yapo, mitumbwi imepangwa mchangani, na ng'ambo ya Kongo huonekana leo, kesho isionekane. Kitakachomsimamisha kiko chini ya miguu yake. Pale wimbi linapokomea, katikati ya vijiti, vipande vya nyavu na dagaa walioponyoka wakati wa kuanikwa, yamelala magamba ya konokono. Mengine ni manene yenye mbavu zilizosimama, mengine ni ya duara yaliyozungushiwa mistari ya kahawia, mengine yamechongoka kuelekea nchani. Ataokota moja, atalipangusa mchanga, na atasema bila kusita kwamba hili ni la bahari. Atakuwa amekosea, lakini hatakuwa peke yake. Wasomi wenye maabara na darubini walilishikilia kosa hilo hilo kwa miongo kadhaa, na mmoja wao aliliandikia kitabu kizima.

Karema iko Wilaya ya Tanganyika, mkoani Katavi, safari ya zaidi ya kilomita mia moja kutoka Mpanda mjini. Kutoka Mpanda hadi Bahari ya Hindi ni zaidi ya kilomita elfu moja kwa reli: Kaliua, Tabora, Dodoma, Morogoro, ndipo Dar es Salaam. Reli yenyewe ilitufikia mwaka 1950 kwa ajili ya madini ya risasi. Mgodi ulifungwa mwaka 1960, reli ikabaki, na pamoja nayo likabaki wazo ambalo lilikuwepo hata kabla ya reli: kwamba kitu cha thamani hutoka pwani, na kazi ya bara ni kukipokea. Nguo zilitoka huko, shanga zilitoka huko, na sasa mabati na simu hutoka huko. Nimekuwa nikijiuliza wazo hilo limetufunga macho kiasi gani, na sijapata shahidi mzuri zaidi ya konokono.

Tuanze na gamba moja. Nitachagua la Lavigeria, kwa kuwa ndilo rahisi kulipata kwenye miamba na fukwe za upande wetu. Linatosha kwenye kiganja cha mtoto na nafasi ikabaki. Rangi yake ni ya kahawia iliyokolea, na mgongo wake umejaa mbavu zinazopishana na mistari, hivi kwamba ukilipapasa gizani utadhani umeshika kitu kilichochongwa kwa patasi. Ncha yake mara nyingi imelika. Mdomo wake ni mnene kuliko mahitaji ya mnyama mdogo kiasi hicho.

Aliyelijenga hakuwa na mkono wala chombo. Mwili wa konokono umezungukwa na ngozi laini, na ngozi hiyo ndiyo hutoa utando mwembamba kwanza, kisha huweka chokaa chini ya utando. Chokaa imetoka majini. Ziwa Tanganyika hupoteza maji mengi zaidi kwa mvuke kuliko kwa mto wake wa kutokea, Lukuga, kwa hiyo madini yaliyoletwa na mito hubaki na kujilimbikiza. Maji ni matamu mdomoni, lakini yana madini ya kutosha kujengea. Konokono huongeza ujenzi wake mahali pamoja tu, kwenye ukingo wa mdomo. Hawezi kubomoa alipoanzia. Hawezi kulivua gamba likimbana, kama kaa avuavyo lake, akatengeneza jingine. Anachoweza ni kuendelea kuzunguka na kupanuka. Ndiyo maana ile ncha iliyolika ndiyo utoto wake: anatembea nayo mpaka kufa, na mtu anayejua kusoma gamba huanza kusoma hapo.

Ukilivunja na kulitazama kwa darubini, utaona kwamba chokaa haikumwagwa tu. Imepangwa kwa vijiti vidogo sana, tabaka juu ya tabaka, na kila tabaka limelala kwa kupishana na lililo chini yake, kama kili za mkeka. Ufa ukianza kwenye tabaka moja hukutana na tabaka linaloelekea kwingine, na nguvu zake hupotea njiani. Magamba ya konokono wengi wa maziwa na mito ni membamba, na hayana haja ya ufundi mwingi hivyo. Haya ya Tanganyika yana tabaka kadhaa za namna hiyo, sawa na yale ya bahari ya joto.

Haja ilitoka kwa jirani. Ziwa lina kaa wake wenyewe, jamii ya Platythelphusa, na baadhi yao wana gando lenye meno ya mviringo, meno ya kusagia na si ya kukatia. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 watafiti walipima nguvu inayohitajika kulivunja gamba la konokono wa ziwa hili, wakakuta ni kubwa kuliko ya ndugu zake wa maziwa mengine. Wakapima na magando ya kaa, wakakuta nayo yamezidi. Hao wawili wamekuwa wakishindana kwa muda mrefu kuliko umri wa binadamu duniani. Kila gando lilipoongezeka nguvu, waliobaki hai ni wenye gamba nene. Kila gamba lilipoongezeka unene, walioshiba ni wenye gando la kutosha.

Ushahidi wa ugomvi huo unaonekana kwa jicho tupu. Chukua magamba kadhaa na uyageuze juani. Kwenye baadhi utaona mstari uliovunjika ukikatisha mbavu, na baada yake mbavu zinaanza upya zikiwa zimepinda kidogo. Hapo kaa alikuja, akauma mdomo wa gamba, akashindwa kufika kwenye nyama, akaondoka. Konokono akarudi kazini. Wahenga wanasema mwenye kovu usidhani kapoa, na kwa binadamu ni kweli. Konokono yeye huendelea kujenga palepale alipovunjwa, na sehemu mpya hubeba nyumba kama ile ya zamani.

Siku moja nilikuwa nimeinama ufukweni Ikola nikiokota, mzee mmoja aliyekuwa anashona wavu akanitazama kwa muda.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Hayo magamba unayapeleka wapi?"

"Nataka kuyaangalia tu, mzee."

"Kuyaangalia tu? Basi beba yote. Hapa hayaliwi wala hayauzwi."

Alisema kweli kabisa. Migebuka wana bei, kuhe ana bei, dagaa wana bei inayojulikana mpaka Lubumbashi. Konokono hana bei. Penye miti hapana wajenzi, na penye magamba hapana wanunuzi. Lakini kulikuwa na wakati ambapo gamba lilikuwa na bei kubwa katika nchi hii hii, ila lilikuwa gamba jingine.

Karne ya kumi na tisa, misafara iliyotoka Bagamoyo na kupita Tabora ilibeba magamba ya bahari pamoja na nguo, shanga na nyaya za shaba. Palikuwa na simbi, yale madogo ya kung'aa. Palikuwa pia na kile Wanyamwezi walichokiita kibangwa: kitako cha konokono mkubwa wa bahari kilichokatwa, kikasuguliwa mpaka kikawa sahani nyeupe ya duara, kikatobolewa na kuvaliwa shingoni au kwenye paji la uso. Kilikuwa alama ya utemi. Haikuwa desturi ya Unyamwezi peke yake. Sahani za namna hiyo zimefukuliwa makaburini Ingombe Ilede, kwenye bonde la Zambezi, na watu waliozikwa nazo walifariki karne nyingi kabla ya misafara ya Bagamoyo. David Livingstone, alipopita kwa chifu Shinte mwaka 1854, alivishwa shingoni gamba la aina hiyo kwa heshima kubwa. Akaandika kwamba magamba mawili tu yangetosha kumnunua mtumwa, na matano yangekuwa bei nzuri ya pembe ya ndovu.

Sentensi hiyo ni nzito, wala sitaki kuipita haraka. Binadamu mmoja, magamba mawili. Njia zilizoleta vibangwa bara ndizo hizo hizo zilizopeleka watu pwani wakiwa na minyororo, na Karema ilikuwa kwenye njia hizo, kivuko cha kwenda Kongo na kurudi. Mwaka 1879 kapteni Mbelgiji Cambier alijenga kituo hapo kwa niaba ya chama cha Mfalme Leopold wa Pili, na mwaka 1885 kituo kikakabidhiwa kwa mapadri wa White Fathers. Huwezi kulisifia gamba bila kukumbuka kilichowekwa upande wa pili wa mizani.

Sasa, ni rahisi kusema kwamba watemi wale walikuwa wajinga: walinunua kwa pembe za ndovu kitu kilichookotwa bure kwenye mwamba wa pwani, huku ziwani kwao yamejaa magamba. Mimi sioni hivyo. Watemi walijua hesabu yao vizuri. Alama ya utawala haina budi kuwa kitu ambacho mtu yeyote hawezi kwenda kukiokota asubuhi. Mtemi aliyevaa gamba la Karema angechekwa na watoto wa Karema. Gamba la bahari lilikuwa na dhamana ndani yake, nayo ni umbali: lilithibitisha kwamba aliyelivaa ana watu, ana njia, na ana marafiki mpaka mahali ambapo wengi hawatafika. Thamani haikuwa kwenye chokaa. Ilikuwa kwenye mwendo.

Yaliyozipata simbi yanathibitisha hivyo. Katikati ya karne ileile, makampuni ya Hamburg, mojawapo likiitwa O'Swald, yaligundua kwamba simbi za pwani ya Afrika Mashariki zinakubaliwa kama fedha Afrika Magharibi. Wakanunua kwa shehena. Watu wa pwani waliziokota maji yakipwa, wakazirundika mpaka nyama ikaoza, wakazisafisha, na meli zikazizungusha bara zima mpaka ghuba ya Guinea. Zilipelekwa nyingi mno, na kadiri zilivyozidi ndivyo zilivyopungua uwezo wa kununua. Umbali ulifutwa na wingi wa meli, na thamani ikaufuata.

Kinachonishangaza katika biashara yote hiyo ni jinsi mnyama mwenyewe asivyotajwa. Yule konokono wa kibangwa, aitwaye koni, ni mwindaji. Ana jino lenye umbo la mshale, tupu ndani, lililojaa sumu. Hulirusha kwa windo, linapooza, naye anameza taratibu. Aina nyingi hula minyoo ya baharini, baadhi hula samaki, na moja imewahi kuua watu. Mtemi wa bara alivaa kifuani kitako cha nyumba ya mwindaji mwenye sumu, na ingekuwa fahari zaidi kama angeambiwa. Hakuna aliyemwambia, kwa sababu waliompelekea nao hawakujali. Waliona bidhaa.

Hapo ndipo niwarudie wale wasomi, kwa sababu kosa lao lilikwenda upande wa pili. Watemi walichukua kitu cha bahari wakajua ni cha bahari. Wasomi walichukua kitu cha bara wakasema hakiwezi kuwa cha bara.

Richard Burton na John Hanning Speke walifika Ujiji Februari 1858. Speke alikuwa mgonjwa wa macho, haoni sawasawa, hata hivyo alirudi Uingereza na magamba. Mwaka 1859 mtaalamu S. P. Woodward aliyaeleza manne kati yake kwa mara ya kwanza, na moja aliliita kwa jina lililokwisha kutumika kwa konokono wa baharini, kwa jinsi lilivyomfanania nao. Mwaka 1880 likaja gamba la ajabu zaidi, lililojaa miiba mirefu, lililopelekwa na mmisionari Edward Coode Hore wa Ujiji. Likaitwa Tiphobia horei. Mwaka 1883 Mjerumani Richard Böhm aliona ziwani yavuyavu, kiumbe ambaye kila mtu wa pwani amewahi kuwashwa naye, na ambaye hakutarajiwa kabisa katika maji matamu ya katikati ya Afrika. Yavuyavu ziwani, konokono wenye miiba ziwani: nini tena, kama si bahari iliyosahaulika?

J. E. S. Moore alikuja mara mbili, miaka ya 1890, kulichunguza jambo hilo, na mwaka 1903 akatoa kitabu kiitwacho The Tanganyika Problem. Alidai kwamba ziwa ni bwawa lililobaki baada ya bahari ya kale ya zama za Jurasiki kujiondoa, na kwamba konokono wake ni masalia ya bahari hiyo. Aliweka michoro ya magamba ya Tanganyika kando ya visukuku vya Ulaya, na kweli vinafanana. Mwaka 1904 W. A. Cunnington akaja kuhakiki. Kazi yake, pamoja na ya wanajiolojia waliofuata, haikuiacha nadharia hiyo na mguu wa kusimamia. Ziwa ni ufa. Ardhi ilipasuka na kushuka, na bonde likajaa maji ya mvua na mito. Umri wake unakadiriwa kuwa miaka milioni 9 hadi 12. Bahari ya Moore ilikwisha zaidi ya miaka milioni 100 kabla ya hapo. Uchunguzi wa vinasaba wa miaka ya karibuni umemalizia kazi: ndugu wa konokono hawa ni konokono wa mito na maziwa ya Afrika. Koo zao nyingine ni za kale kuliko ziwa lenyewe. Zilikuwa mitoni, ziwa likafunguka, zikaingia, na huku nje ndugu zao wakapungua na kutoweka.

Kufanana, basi, hakukuthibitisha ukoo. Kulithibitisha hali. Maji mapana yenye mawimbi, yenye chokaa, yenye adui wa kuponda, na juu ya yote yenye muda mrefu usiokatika, humfikisha konokono wa mto mahali palepale alipofika konokono wa bahari. Hakuna aliyemfundisha mwenzake. Maziwa mengi hufa mapema: hujaa tope, hukauka, na kazi iliyoanzwa hukatizwa. Tanganyika limedumu. Lina kina cha mita 1,470, na hata miaka ya ukame mkali ilipolishusha sana, halikukauka.

Wapo watakaosema jambo hili ni la wataalamu wa konokono tu. Mimi naliona mahali pengi. Mtu akikuta bara jengo la mawe lililopangwa vizuri, huuliza ni mgeni gani alijenga. Akikuta ufundi wa chuma, huuliza ulitoka pwani gani. Moore hakuwa mtu mbaya, wala hakuwa mvivu. Alitembea njia ngumu na alitazama kwa makini. Ila alitanguliza swali lililokwisha kujibiwa: kitu hiki kizuri kimetoka wapi? Swali la pili, kwamba kimetengenezwaje hapa, lilimpita. Konokono wa Karema alikuwa amelijibu mwilini mwake, hadi kwenye kovu.

Na nchi yenyewe ya Katavi ina historia yake ya maji, ambayo haikuhitaji bahari. Ziwa Rukwa la leo ni la kina kifupi na halina mto wa kutokea. Lakini katika vipindi vya mvua nyingi vya maelfu ya miaka iliyopita, lilipanda kiasi cha mita 180 juu ya usawa wa sasa, mpaka likafurika kwenda Ziwa Tanganyika kupitia uwazi ulioko upande wa Karema. Tambarare ambazo leo viboko wa Hifadhi ya Katavi hubanana kwenye madimbwi ya kiangazi zilikuwa njia ya maji hayo. Mtu anayepanda basi kutoka Mpanda kwenda kusini huenda akadhani yuko mbali na ziwa lolote. Kwa hesabu ya ardhi, anapita juu ya ziwa.

Nyumba ya konokono haifi naye, na hilo nalo linastahili kutazamwa kwa karibu. Konokono mkubwa kuliko wote ziwani ni Neothauma, gamba lake hufikia sentimita sita hivi. Hatagi mayai, huzaa watoto wakiwa tayari na vigamba vyao. Akifa, gamba lake halikai peke yake. Chini ya maji, kuna sehemu pana ambapo magamba matupu ya Neothauma yametanda sakafuni, na vipimo vimeonyesha kwamba katika tandiko moja mengine ni ya juzi na mengine yana zaidi ya miaka elfu moja. Juu ya magofu hayo umeota mji. Kuna samaki wa urefu wa sentimita tatu au nne, Neolamprologus multifasciatus, ambao huishi kwa koo: kila familia ina magamba yake, huyachimbia mchanga na kuutema pembeni, siku nzima, kizazi baada ya kizazi. Kuna mwingine, Lamprologus callipterus, ambaye dume lake hukusanya magamba kwa mdomo, moja moja, hulikokota mpaka kwenye rundo lake, na pengine humwibia jirani. Majike huingia ndani ya magamba kutaga. Dume ni lazima awe mkubwa wa kuweza kubeba, jike ni lazima awe mdogo wa kuweza kuingia, na tofauti imekua mpaka dume likawa zaidi ya mara kumi ya uzito wa jike. Gamba la mnyama wa tatu, aliyekufa zamani, ndilo lililopima miili yao.

Ningependa kuishia hapo, kwenye ustadi na maajabu, lakini ukurasa wa ziwa una upande mwingine. Maji ya Tanganyika hayachanganyiki vizuri. Hewa ya oksijeni ipo kwenye mita 100 hadi 200 hivi za juu tu; chini ya hapo, maji yote hayo yenye kina cha ajabu hayamfai konokono wala samaki. Kwa hiyo konokono wa Tanganyika hawaishi katika ziwa lote. Wanaishi kwenye mshipi mwembamba unaozunguka ziwa, na mshipi huo unabanwa kutoka pande mbili.

Kutoka chini unabanwa na joto. Maji ya juu yanapopata joto huzidi kuwa mepesi, hukaa juu na kukataa kuchanganyika na ya chini, na mpaka wa hewa hupanda. Mwaka 2016 watafiti waliochimba mashapo ya sakafu ya ziwa na kuhesabu magamba yaliyomo walichapisha kwamba, katika maeneo waliyochunguza, sakafu yenye hewa imepungua kwa zaidi ya theluthi, na kwamba kupungua kwa konokono na samaki kulianza kabla ya uvuvi mkubwa wa kibiashara. Kutoka juu mshipi unabanwa na udongo. Mlima ukikatwa miti kwa mkaa na mashamba, mvua ya kwanza huuteremsha mlima huo ziwani, na tope hulala juu ya miamba ambayo konokono hula ukoga wake. Gamba lililotengenezwa kumkabili kaa kwa mamilioni ya miaka halina tabaka lolote la kukabili tope.

Serikali ilipofunga uvuvi ziwani kwa miezi mitatu mwaka 2024, Mei hadi Agosti, mazungumzo yote yalikuwa juu ya dagaa na migebuka, na ilikuwa haki: watu wanakula samaki. Lakini samaki wengi wa kandokando ya ziwa, kaa na konokono wanategemea sakafu moja. Wenzetu wa Ziwa Nyasa wamelijua hilo kwa njia ya uchungu. Huko, samaki wanaokula konokono walipovuliwa kupita kiasi, konokono wanaobeba vimelea vya kichocho waliongezeka karibu na fukwe, na kichocho kikaongezeka kwa watoto wanaooga. Kwa watu wetu wengi, konokono ni hao tu: Bulinus na Biomphalaria wa madimbwi na mifereji, wale wadogo wenye gamba jembamba, ambao kwa ajili yao watoto hupewa dawa shuleni. Ni jambo la kweli na la kuzingatiwa. Ila kumjua konokono kwa ugonjwa tu ni kama kuijua Mpanda kwa vumbi lake.

Sidai kwamba kila mtoto wa Katavi akariri majina ya Kilatini. Nadai jambo dogo zaidi. Mwalimu wa Karema au Ikola anapofundisha viumbe wenye magamba, asianze na picha ya chaza. Awatoe watoto nje, waende ufukweni, kila mmoja arudi na gamba lenye kovu, na aeleze kovu hilo limetokana na nini. Halmashauri inayoandika mpango wa kuhifadhi misitu ya miteremko ya ziwa iandike na konokono kwenye sababu zake. Na sisi waandishi tuache tabia ya kulisifu ziwa kwa kulifananisha na bahari.

Kuna sababu ya kuharakisha, na si ya fahari. Simbi zikiisha kwenye mwamba mmoja wa Kilwa, bado zipo Mombasa, zipo Msumbiji, zipo Maldivi. Bahari ina pwani nyingi za kuanzia upya. Tiphobia mwenye miiba hana pwani nyingine. Hayupo Nyasa, hayupo Viktoria, hayupo baharini ambako Moore alidhani ametoka. Vitu vya pwani vikipotea tumezoea kuagiza vingine. Hiki, kwa kuwa ni chetu kweli, hakina pa kuagizwa.